Kusuka na Kufuma: Istilahi za Mkeka na Rangi Zake

Bondeni, yaani uwanda wa Kyela kaskazini mwa Ziwa Nyasa, ni nchi ya mito: Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo. Mkindu hupenda majimaji kama hayo, na majani yake, yaitwayo ukindu, ndiyo malighafi ya mikeka. Katika makala haya twataka kueleza istilahi za kazi hiyo, kwa kuwa tumeona mara kwa mara zikichanganywa katika tafsiri.

Mkeka husukwa, haufumwi. Ukindu huanikwa, huchanwa kuwa chane, na chane husukwa kwa vidole kuwa ukanda mrefu uitwao ukili. Kisha kili hushonwa ubavu kwa ubavu hadi mkeka ukapatikana. Kufuma ni kazi nyingine. Huhitaji kitanda cha mfumi, chenye nyuzi zilizotandwa, yaani mtande, na nyuzi zipitishwazo katikati yake, yaani mshindio. Zamani Wafipa walifuma nguo za pamba kwa kitanda kilicholazwa chini. Wanavajo wa Marekani hufuma mazulia ya sufu kwa kitanda kilichosimamishwa. Basi mfasiri aandikaye kuwa Wanavajo “husuka mikeka ya sufu” humpotosha msomaji mara mbili.

Kwa upande wa rangi, lugha yetu si maskini. Mizizi ya mdaa hutoa rangi nyeusi, mbegu za mzingefuri, nyekundu ya kichungwa, bizari, manjano. Chane huchemshwa katika rangi kabla ya kusukwa. Rangi ikishika vema husemwa imekolea. Ikitoka kwa maji, imechujuka. Ikififia kwa jua, imepauka. Vitenzi hivi vitatu vyaeleza mambo ambayo baadhi ya waandishi huyazunguka kwa sentensi nzima.

Leo mikeka ya plastiki imeenea masokoni, nayo haina chane wala ukili. Kitu kikitoweka, jina lake laweza kubaki kamusini. Jina lisiloandikwa halibaki popote. Wanyakyusa wa Bondeni wanayo majina ya kazi hii katika lugha yao, na huenda Kiswahili kikayahitaji. Twapendekeza yakusanywe kwa wasukaji wenyewe, kazi ikiwa mikononi mwao, kabla ya kamati yoyote kuketi kuunda istilahi mpya.