Je, Wajua? Luteni Ambaye Hakuwahi Kuwa Askari

Je, wajua kwamba mtu ambaye wanajeshi wa Marekani humwita "Luteni" kila akikanyaga kambini mwao hajawahi kula kiapo cha jeshi? Anaitwa Gary Sinise, mwigizaji, mzaliwa wa Blue Island katika jimbo la Illinois. Alitimiza miaka 18 mwaka 1973, mwaka uleule Marekani ilipoachana na kuwaandikisha vijana jeshini kwa lazima, hivyo vita vya Vietnam vilimpita kando. Cheo alipewa na sinema. Katika Forrest Gump, iliyotoka mwaka 1994, aliigiza Luteni Dan Taylor, ofisa anayekatwa miguu yote miwili Vietnam na kurudi nyumbani akiwa amemkasirikia kila mtu, Mungu akiwemo.

Kwa kawaida habari zake husimuliwa hivi: aliigiza mlemavu wa vita, akaguswa, akaanza kusaidia. Inapendeza kuisikia, ila imeanzia katikati. Miaka kumi kabla ya Luteni Dan, Sinise alikuwa tayari anashughulika na wapiganaji waliotoka Vietnam, na aliyemtia katika njia hiyo hakuwa mwongozaji wa Hollywood. Alikuwa shemeji yake.

Kwanza tuseme alivyoingia kwenye uigizaji, maana nako kuna kisa. Akiwa sekondari huko Highland Park, kaskazini mwa Chicago, alikuwa kijana wa nywele ndefu na gitaa, na darasani hakuwa mtu wa kutegemewa. Siku moja alikuwa amesimama na wanabendi wenzake kwenye korido, mwalimu wa maigizo akapita, akawatazama kuanzia juu hadi chini, akawaambia waje kujaribiwa kwa ajili ya West Side Story, mchezo unaohusu magenge ya vijana wa mitaani. Hakuwa amesikia sifa zao zozote. Walifanana na wahuni, basi. Sinise akapewa nafasi ndogo, na jukwaa likamteka. Mwaka 1974 yeye, Terry Kinney na Jeff Perry wakaanzisha kundi la Steppenwolf, wakalipa jina la riwaya ya Hermann Hesse kwa sababu tu mmoja wa wenzao alikuwa akiisoma siku hizo. Muda si mrefu walikuwa wakiigiza katika chumba cha chini cha shule ya Kikatoliki, viti 88. Humo ndimo walimopitia watu kama John Malkovich na Joan Allen.

Humo pia alimpata mke, Moira Harris, mwigizaji mwenzake. Kaka zake Moira wawili walikuwa wamepigana Vietnam. Mmoja wao, aliyeitwa Mac, alikuwa ofisa aliyesoma chuo cha kijeshi cha West Point na baadaye akarudi kufundisha hapohapo. Sinise, kijana wa rokenroli ambaye vita alivisikia kwenye taarifa ya habari tu, aliketi na mashemeji hao mezani, wakamsimulia yaliyowakuta huko na yaliyowakuta waliporudi. Ikumbukwe kwamba askari wa Vietnam hawakupokelewa kwa ngoma na vigelegele. Wengine walivua magwanda kwenye uwanja wa ndege ili watu wasiwatambue.

Mac alifariki kwa saratani mwaka 1983. Mwaka uliofuata, Sinise akaongoza pale Steppenwolf mchezo wa Tracers, uliotungwa na waigizaji ambao wenyewe walikuwa askari wa Vietnam. Katika miaka hiyo ya 1980 ndipo kundi lilipoanza kuwatengea wapiganaji wa zamani usiku wao: wanakula, wanatazama mchezo, hawalipi hata senti. Ukitafuta mbegu ya taasisi inayochangisha mamilioni ya dola leo, ni hiyo sahani ya chakula.

Je, wajua kwamba miguu ya Luteni Dan ilifichwa kwa msaada wa mwanamazingaombwe? Watu wengi wanajua kwamba mafundi wa kompyuta walimfunga Sinise vitambaa vya buluu miguuni, kisha wakaifuta picha kwa picha. Kinachosahaulika ni kile kiti cha magurudumu. Kilibuniwa na Ricky Jay, bingwa wa karata na viini macho, na mwenzake Michael Weber, waliokuwa na kampuni ya kuwauzia watengenezaji wa sinema ujuzi wa kudanganya macho. Kiti kilimwezesha Sinise kukunja miguu yake na kuificha ndani, mtazamaji asishuku kwamba pana nafasi ya kuiweka. Ujanja huo wa kale pamoja na kompyuta uliwadanganya watu hata wakamwuliza Sinise ana kwa ana amepoteza miguu lini.

Mwisho wa Luteni Dan ndio uliokuwa na uzito kwa wenye vidonda halisi. Sinema nyingi za Vietnam zilikuwa zimezoea kumwonyesha aliyerudi vitani kama mtu aliyeharibika moja kwa moja: mlevi, mwuaji, au maiti. Dan anapita ulevini, tena kwa muda mrefu, lakini anatoka. Anakuwa tajiri kwa biashara ya uvuvi wa kamba, anapata mchumba, anakuja harusini kwa rafiki yake amesimama kwa miguu bandia. Sinema ilitoka Julai, na Agosti mwaka huohuo chama cha Disabled American Veterans kilimwalika Sinise kwenye mkutano wake mkuu Chicago, kimtunze. Alipanda jukwaani akakuta mbele yake watu kama 2,000, wengi wao kwenye viti vya magurudumu, wengine bila mikono, wengine vipofu, wote wakimshangilia yeye mwenye viungo vyake vyote. Sinise amesimulia mara nyingi jinsi alivyokosa maneno. Kuteuliwa kuwania Oscar, tuzo ambayo hata hivyo ilikwenda kwa Martin Landau, hakuongelei kwa hisia kama hizo.

Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, akapiga simu kwa USO, shirika linalowapelekea wanajeshi burudani tangu mwaka 1941, akajitolea kwenda popote. Mwaka 2003 akafika Iraq. Huko aligundua jambo linaloudhi kidogo kwa mwigizaji yeyote: jina lake halikumsaidia. Askari hawakumjua Gary Sinise ni nani. Walimwita Luteni Dan, wakataka kupiga picha na Luteni Dan. Mwingine angenuna. Yeye alipounda bendi na Kimo Williams, mpiga gitaa na mtunzi aliyepigana Vietnam, aliiita Lt. Dan Band. Sinise anapiga gitaa la besi, nyuma nyuma huko, ingawa mabango yote ni yake. Bendi imepiga mamia ya maonyesho kambini na kwenye hospitali za kijeshi, ndani na nje ya Marekani.

Katika safari hizo za Iraq alipelekwa pia kuona shule zilizokarabatiwa na wanajeshi. Aliwakuta watoto wamebanana kwenye dawati, penseli hazitoshi. Aliporudi aliomba vifaa katika shule ya watoto wake mwenyewe, na mwaka 2004, pamoja na Laura Hillenbrand, mwandishi wa kitabu cha Seabiscuit, akaanzisha Operation Iraqi Children: Wamarekani walifunga madaftari, kalamu na rula, askari wakavigawa. Ziko pande mbili za kulitazama jambo hili. Mtoto wa Baghdad alipata daftari, hilo halina ubishi. Lakini aliyelipokea alilipokea mkononi mwa askari wa jeshi lililovamia nchi yake, na Sinise, ambaye siasa zake za kihafidhina hazifichi, hajawahi kuwa mtu wa kuhoji vita vyenyewe. Anachosema siku zote ni kwamba yeye yuko upande wa waliotumwa. Msomaji ataamua kama vitu hivyo viwili vinatenganika. Binafsi naona kwenye mkutano wa siasa ni vigumu kuvitenganisha, kwenye wodi ya hospitali ni rahisi.

Gary Sinise Foundation ilianzishwa rasmi mwaka 2011, na kazi yake inayojulikana zaidi ni nyumba. Je, wajua nyumba ya mtu asiye na mikono wala miguu inafunguliwaje? Nyumba ya kwanza iliyomhusisha Sinise ilijengwa Staten Island, New York, kwa ajili ya askari kijana aliyelipukiwa na bomu la barabarani mwaka 2009, Mmarekani wa kwanza wa vita vya Iraq kukatwa viungo vyote vinne na kubaki hai. Bendi ilipiga kuchangisha fedha. Milango, taa, mapazia na viyoyozi vinaamriwa kwa kugusa kioo cha tableti. Makabati ya jikoni yanashuka yenyewe hadi usawa wa kiti cha magurudumu, na bafu halina kizingiti, kiti kinaingia moja kwa moja. Mlango mpana na swichi iliyoshushwa huonekana mambo madogo, hadi umwone mtu mzima anasubiri mke wake arudi kutoka kazini ndipo anywe maji. Tangu hapo taasisi imejenga au kukarabati zaidi ya nyumba 70 za namna hiyo, na mwenye nyumba hakabidhiwi deni la benki.

Mshirika katika ujenzi wa Staten Island alikuwa Tunnel to Towers, mfuko uliopewa jina la Stephen Siller. Siller alikuwa zimamoto wa New York aliyekuwa ametoka zamu asubuhi ile ya Septemba 11. Aliposikia redioni aligeuza gari, akakuta handaki la kuingilia Manhattan limefungwa. Akajitwika vifaa vyake, kilo zipatazo 27, akakimbia kwa miguu ndani ya handaki mpaka kwenye majengo. Hakurudi. Aliacha mke na watoto watano.

Watoto wa aina hiyo wana mpango wao, Snowball Express, ulioanzishwa na watu wengine mwaka 2006 na kuchukuliwa na taasisi ya Sinise mwaka 2017. Kila Desemba familia za wanajeshi waliofariki hukusanywa kutoka pande zote za Marekani, na tangu mwaka 2018 wamekuwa wakipelekwa Walt Disney World, Florida, kwa ndege za kukodi za American Airlines. Kwenye ndege hizo kila mtoto ni yatima, kwa hiyo hakuna anayemwuliza mwenzake baba yuko wapi. Desemba ilichaguliwa kwa sababu inayoeleweka: ndio mwezi wa sikukuu, na meza yenye kiti kitupu huonekana zaidi.

Wazee nao hawakusahauliwa. Tangu mwaka 2015 mpango wa Soaring Valor unawasafirisha waliopigana Vita Kuu ya Pili hadi kwenye jumba la makumbusho la vita hivyo huko New Orleans, wanahistoria wanarekodi simulizi zao, na wanafunzi wa sekondari wanaambatana nao. Mwanafunzi wa miaka 17 anasukuma kiti cha mzee aliyekuwa na miaka 17 alipodanganya umri ili aandikishwe. Kazi hii ina haraka yake, maana wazee hao wanazidi kupungua.

Tuzo amepewa nyingi, tuzipite upesi: nishani ya raia kutoka kwa Rais George W. Bush mwaka 2008, cheo cha heshima katika jeshi la majini. Moja tu inafaa kusimamiwa. Mwaka 2015 wahitimu wa West Point walimpa tuzo yao kubwa, Sylvanus Thayer. Ndicho chuo alichofundisha shemeji yake Mac, ambaye kabla ya kufa alishiriki kuandika kitabu cha uongozi kilichotumiwa na jeshi zima la nchi kavu.

Jina la Mac halikuishia hapo. Sinise alipocheza mpelelezi katika tamthilia ya CSI: NY, kuanzia mwaka 2004 hadi 2013, mhusika wake aliitwa Mac Taylor: Mac wa shemeji, Taylor wa Luteni Dan. Na mwanawe wa kiume aliyezaliwa mwaka 1990 alikuwa Mac pia. Kijana huyo alikuwa mpiga ngoma, aliwahi kushika nafasi katika bendi ya baba yake na kufanya kazi kwenye taasisi. Mwaka 2018 aligundulika kuwa na kordoma, saratani adimu ya uti wa mgongo, ambayo kwa Marekani nzima huwapata watu wapatao 300 tu kwa mwaka. Maradhi yalipomnyang'anya ngoma, alijifunza kinanda cha mdomo, na kwa msaada wa marafiki akakamilisha santuri aliyoiita Resurrection & Revival. Alifariki Januari 5, 2024, akiwa na miaka 33. Baba yake alisimamia kutolewa kwa sehemu ya pili kutokana na kazi alizoziacha, na fedha za mauzo zinaingia kwenye mfuko wa taasisi.