Ndama Mzito Hutoka kwa Mama

Mwaka jana baba alitaka kumwuza mtamba wetu chotara ili nilipiwe karo. Nilimsihi amwache, na sababu zangu ni hizi.

Huku kwetu Kajiado, wafugaji wengi hupandisha zebu, ng'ombe wetu wa kienyeji, na fahali wa Sahiwal, mbegu iliyotoka Punjab. Zebu ni mdogo na maziwa yake haba, lakini anavumilia kiangazi. Ndama chotara hukua upesi kuliko zebu mtupu, maana damu mbili za mbali zikichanganyika huzaa nguvu mpya.

Faida haiishii hapo, jamani! Mtamba chotara naye akizaa, maziwa yake humzidi zebu. Ndama wake hunyonya akashiba, na siku ya kuachishwa huwa mzito. Ukimwuza mama, umeuza na maziwa ya wana.

Ila tahadhari: fahali akiwa mkubwa mno, jike hupata taabu ya kuzaa. Tena ukipandisha chotara kwa chotara, ile nguvu hupungua.

Mzee aliguna, kisha akauza maksai wawili. Mtamba sasa ana mimba, nami ningali darasani.