Mashini Imegeuza Sura, Vitu Vyako Havikupotea

Labda jambo hili limekwisha kukupata. Jioni moja unawasha ordinateri ya nyumbani, ile unayoandikia hesabu ya franga za masomo na bei za biashara ndogo ya mama. Ekra inawaka, lakini ni kama umeingia katika nyumba ya mutu mwingine. Rangi si zile. Butoni ya kuanzia, uliyozoea kufinya chini kwa upande wa kushoto, haiko pale. Unapaaza sauti: "Nani aligusaka mashini yangu? Bintu byangu byote biko wapi?"

Kijana wako anakuja mbio. "Papa, hapana vile! Leta, mi ndo nifanye." Anakunyang'anya suri, anafinya huku na huku, kisha anasema: "Unaona? Ni rahisi." Wewe hukuona kitu. Unanyamaza, unazima. Tangu siku ile ordinateri inalala chini ya kitambaa, na hesabu ya nyumba imerudi katika kaye.

Tuseme ukweli: kinachokuuma si butoni. Ni haya ya mutu muzima mbele ya mutoto wake. Basi tuongee.

Si wewe peke yako

Butoni inayoitwa "Démarrer" ilitokea na Windows 95, katika mwezi wa Agosti 1995. Kwa miaka 17 watu wa inchi zote walizoea kuikuta mahali palepale. Kisha, mwezi wa Oktoba 2012, Windows 8 ikaiondoa. Ekra nzima ikajaa vigae vya rangi. Watu walinung'unika sana, hata mafundi wenyewe. Mwaka uliofuata, Oktoba 2013, Microsoft ikarudisha butoni ile katika Windows 8.1, na mwezi wa Julai 2015 Windows 10 ikarudisha orodha yake pia.

Oktoba 2021 ikaja Windows 11, na butoni ikahamia katikati ya ekra. Wengi walikataa kwanza kuhama. Lakini tarehe 14 Oktoba 2025 musaada wa kawaida wa Windows 10 ulikwisha. Mashini ya zamani haikuzimika, lakini kubaki nayo bila matengenezo ya ulinzi ni kama kulala bila kufunga mulango. Ndiyo sababu nyumba nyingi zilijikuta na sura mupya, tayari au si tayari.

Basi, kama hata wale ambao ordinateri ndiyo kazi yao walipotea njia, kwa nini wewe ujiite mujinga?

Nyumba ni ileile

Mutu akipaka nyumba rangi na kusogeza viti, kitanda chako hakiibiwi. Ni vilevile hapa. Barua na hesabu zako zingali katika dosie ya "Documents". Jaribu hivi, pole pole:

Ukikosa kuona butoni, finya tu kwenye klavie ule ufunguo wenye alama ya dirisha. Orodha itafunguka, hata butoni ikiwa wapi.

Finya ufunguo uleule pamoja na E: dosie zako zitatokea. Pamoja na D: utarudi kwenye biro ya ekra.

Ctrl na C ni kukopia, Ctrl na V ni kubandika. Ukikosea, Ctrl na Z mara nyingi inarudisha nyuma. Hayo ni ya zamani, hayakugeuka.

Ukifinya suri kwa upande wa kuume na kuona orodha fupi, usiogope. Musitari wa chini kabisa unafungua orodha ndefu uliyoizoea.

Unataka butoni irudi kushoto? Katika Windows 11, finya upande wa kuume wa suri juu ya ule mukanda wa chini, ingia katika "Paramètres", tafuta "Alignement", chagua "Gauche". Kazi ya dakika moja, na moyo unatulia.

Angalia sana

Usikimbilie fundi wa barabarani ukiwa na hasira. Wengine wana jibu moja tu: "Tuformate." Kuformate diski ni kufuta vyote: picha za arusi, hesabu, barua za marehemu. Mutu anakwenda kutafuta butoni moja, anarudi na mashini tupu. Kabla ya fundi kugusa kitu, kopia vitu vyako kwenye fleshi, uiweke mahali pazuri.

Na wewe kijana, usibadilishe mashini ya nyumba usiku kwa siri. Uliza kwanza. Kopia kwanza. Ngoja siku umeme uko imara, kwani ukikatika katikati ya kazi hiyo, mashini inaweza kukataa kuamka. Ujue tena kwamba kutoka Windows 10 kwenda 11, una siku 10 tu za kurudi nyuma kwa njia ya kawaida, kupitia "Récupération".

Neno kwa vijana

Baba yako alipopewa lori jipya la karieri, aliyemufundisha hakumutoa kwenye volani. Alikaa kando yake, akamwambia: "Finya hapa. Sasa ngoja." Ufanye vile. Mukono juu ya suri uwe wake, si wako. Sema jina la kila kitu. Fundisha jambo moja kwa siku, aliandike katika kaye kwa maneno yake mwenyewe. Na usicheke. Wewe ulipojifunza kutembea ulianguka mara ngapi? Hakuna aliyekucheka ili kukuaibisha.

Neno kwa wazazi

Kuomba mutoto akuonyeshe hakupunguzi uzee wako. Mutoto anajua butoni; wewe unajua kwa nini hesabu ya nyumba inaandikwa, na nani anadai nini. Mukikaa pamoja saa moja, kila mumoja ataondoka na kitu. Mama naye asiachwe jikoni: bei za biashara ni zake, avute kiti.

Basi leo jioni, umeme ukiwako, ondoa kile kitambaa. Washa. Tafuta dosie moja tu, ifungue, ifunge. Kesho nyingine.

Ya kuzungumuza nyumbani:
1. Nani katika nyumba yetu aliacha kutumia kitu kwa sababu ya haya?
2. Vitu vyetu vya lazima vimekopiwa wapi?
3. Mara ya mwisho ulipomufundisha muzee, suri ilikuwa katika mukono wa nani?