Kijana Anapokataa Chakula: Fahamu Chanzo cha Matatizo ya Ulaji

Msichana anarudi likizoni kutoka shule ya bweni. Anasema ameshiba kabla ya kugusa obokima. Siku nyingine anakula na wenzake, kisha anakimbilia chooni. Mwili unapungua, hedhi inakatika. Wazazi wanajiuliza: ni nyodo? Ni mimba? Amerogwa?

Huenda ni ugonjwa wa akili. Wataalamu hutaja aina tatu kuu: anoreksia, mtu anapojinyima chakula kwa hofu ya kunenepa, bulimia, anapokula kupita kiasi kisha akajitapisha, na kula kwa kupindukia bila kujitapisha. Wavulana pia huugua.

Chanzo si kimoja:

Urithi. Tafiti za mapacha zimeonyesha kwamba ugonjwa huu hufuata ukoo.

Maumivu ya moyo. Wasiwasi, kudhulumiwa, kuchekwa kwa ajili ya umbo, au kutaka kila jambo liwe kamilifu.

Picha tunazotazama. Kule Fiji, mwili mnene ulisifiwa, kama ambavyo wengi hapa Kisii na Nyamira huuona kuwa dalili ya maisha mazuri. Televisheni ilifika mkoa wa Nadroga mwaka 1995. Kufikia 1998, wasichana 11 kati ya kila 100 waliohojiwa walikuwa wamejitapisha ili kupunguza uzito. Mwaka 1995 hakukuwa na hata mmoja. Leo picha hizo zimo kwenye simu.

Njaa yenyewe. Mwaka 1945 nchini Marekani, wanaume 36 wenye afya walipunguziwa chakula kwa takriban miezi sita. Wengi walizama katika huzuni, wakawa hawawazi ila chakula. Kujinyima kunaweza kuanza kama mchezo, kisha akili ikanaswa.

Uchawi haumo. Tukumbuke Marani, Oktoba 2021, wanawake wanne wazee walipouawa kwa tuhuma za uchawi. Ugonjwa usioeleweka usiwe tena sababu ya kumnyooshea jirani kidole.

Kujitapisha mara kwa mara hupunguza potasiamu mwilini, na moyo unaweza kusimama. Kijana akizirai au moyo ukimwenda mbio, mfikishe hospitalini mara moja.

Mzazi, usimcheke wala kumlazimisha kula kwa kiboko. Mwulize kwa upole, kisha mpeleke kituo cha afya kilicho karibu. Daktari atachunguza kwanza kama ni kifua kikuu, kisukari au ujauzito, na akihitajika mtaalamu wa afya ya akili, atampa rufaa. Ugonjwa huu hutibika, hasa ukigunduliwa mapema.