Mji Uliokwenda Mrama

Machi 1867, Jules Verne alipanda meli katika bandari ya Liverpool pamoja na mdogo wake, Paul, wakielekea New York. Tayari alikuwa na jina nchini Ufaransa kwa hadithi zake za safari za kubuni, ila hii ilikuwa safari ya kweli, na chombo chenyewe kilikuwa Great Eastern, meli kubwa kuliko zote zilizowahi kuundwa hadi wakati huo. Kutokana na safari hiyo aliandika riwaya ya mji unaoelea, Une ville flottante, iliyotoka kama kitabu mwaka 1871.

Tuseme kweli: kisa cha mapenzi kilichomo humo ni chepesi. Yupo mwanamke aliyerukwa na akili, mume katili na mpenzi wa zamani, kisha panatokea pambano la panga linaloamuliwa na radi, inayompiga yule mwovu akiwa ameinua upanga wake. Mhusika asiyemtoka msomaji kichwani ni meli.

Ilikuwa na urefu wa mita 211, dohani tano, milingoti sita na nafasi ya abiria 4,000. Kila ubavu ulikuwa na gurudumu la kupigia maji lenye kipenyo cha mita 17, na nyuma ilizunguka rafadha yenye upana wa zaidi ya mita saba. Haikuundwa meli ndefu kuliko hiyo hadi Oceanic ilipoteremshwa majini mwaka 1899.

Kwa nini kubwa hivyo? Mhandisi wake, Isambard Kingdom Brunel, alipiga hesabu ambayo mwanafunzi wa sekondari anaiweza. Chukua sanduku lenye pande za mita moja: ndani linabeba mita moja ya ujazo, na eneo lake la nje ni mita sita za mraba. Ongeza kila upande uwe mita mbili. Eneo la nje linafika mita 24 za mraba, mara nne tu, lakini ujazo unafika nane. Ukinzani wa maji hutegemea zaidi eneo linalosuguana nayo, ilhali makaa ya mawe hukaa ndani ya ujazo. Kwa hiyo kadiri meli inavyokua, ndivyo inavyoweza kujibebea mafuta ya safari ndefu zaidi. Brunel alitaka chombo cha kufika Mashariki ya mbali na Australia kwa kuzunguka Afrika, bila kutegemea makaa ya njiani.

Hesabu ilikuwa sahihi. Taabu ilianzia nchi kavu. Mto Thames ni mwembamba, hivyo meli ilibidi isukumwe majini kwa ubavu, chuma kikiteleza juu ya reli za chuma. Haikuteleza. Kazi ilianza tarehe 3 Novemba 1857, na meli haikuelea hadi tarehe 31 Januari 1858, baada ya minyororo kukatika na mitambo ya kusukuma kwa nguvu ya maji kupasuka. Brunel alipata kiharusi akiwa melini Septemba 1859, akafa siku kumi baadaye.

Baharini nako ilikwenda mrama kuliko ilivyotarajiwa kwa ukubwa wake. Meli inapolala upande mmoja, gurudumu moja huzama kupita kiasi na lile la pili huchapa hewa. Dhoruba ya mwaka 1861 iliyang'oa yote mawili na kuvunja usukani. Katika riwaya, Daktari Pitferge anashikilia kwamba meli hii lazima itazama, na msafiri yeyote wa zama zile angemwelewa.

Lakini haikuzama. Agosti 1862, karibu na New York, mwamba uliipasua tumboni ufa wa urefu wa mita 25 hivi. Ilifika bandarini ikiendeshwa na injini zake, kwa sababu Brunel aliipa ngozi mbili za chuma, moja ndani ya nyingine, zilizopanda hadi usawa wa maji. Titanic, nusu karne baadaye, ilikuwa na ngozi mbili chini tu. Mbavuni ilikuwa na moja.

Kilichoiangusha ni biashara. Safari ya Verne ilikuwa na abiria mia na ushei tu, na Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869, ile njia ndefu ya kuzunguka Afrika ilipoteza maana. Tumbo lake lilipata kazi nyingine: mwaka 1866, chini ya Nahodha James Anderson, yuleyule aliyemvusha Verne, ilitandaza waya wa telegrafu kutoka Ireland hadi Newfoundland. Mwaka 1858 kazi kama hiyo ilihitaji meli mbili zikutane katikati ya Atlantiki. Mwaka 1870 ilitandaza waya kutoka Bombay hadi Aden, na kutoka Aden, mwaka 1879, meli nyingine zikaufikisha waya Zanzibar. Habari zilizokuwa zikingoja meli kwa majuma zikaanza kufika Unguja kwa muda wa saa.

Great Eastern ilianza kuvunjwa mwaka 1889, karibu na Liverpool. Mpenzi wa soka atakayetazama mechi uwanjani Anfield autafute mlingoti wa bendera upande wa jukwaa la Kop: ni kipande cha mlingoti wa meli hiyo.