Utani wa Boston

Haya, sogeeni. Leo sina sungura wala fisi. Nina herufi mbili tu, O na K.

Mnazitumia kutwa nzima. Ukitumwa dukani: "Oke." Ukianguka na baiskeli ukaulizwa kama umeumia: "Niko oke." Mwalimu akitaka kuacha jambo moja na kushika jingine: "Oke, tuendelee." Mtu angedhani neno hili ni kongwe kama Kiingereza chenyewe. Wapi! Mara ya kwanza inayojulikana kuchapishwa ilikuwa 23 Machi 1839, katika gazeti la Boston Morning Post, huko Marekani.

Waandishi wa magazeti ya Boston walikuwa na mchezo wa kukata maneno na kubakiza herufi za mwanzo, kama mnavyofanya nyinyi kwenye simu. Wao wakazidisha ukorofi: kwanza waliyaandika maneno kimakosa, makusudi kabisa, ndipo wakayakata. Kusema kila kitu ni sahihi, Mwingereza huandika "all correct". Wao wakaandika "oll korrect". Basi, O.K. Walikuwa nayo pia O.W., "oll wright", maana yake karibu ni ileile. Hiyo imekufa, na hakuna anayeilia.

O.K. iliokolewa na siasa. Mwaka 1840 Rais Martin Van Buren aligombea tena. Alikuwa mzaliwa wa Kinderhook, jimbo la New York, na wafuasi wake wakamwita Old Kinderhook, yaani Mzee wa Kinderhook. Mmeziona herufi? Wakaunda vikundi vya O.K. Wapinzani nao hawakulala. Walizusha kwamba Andrew Jackson, rais aliyemtangulia, hakujua kuandika, eti ndiye aliyekuwa akitia O.K. kwenye makaratasi akidhani amepatia. Uongo mtupu, lakini ulitembea. Van Buren akashindwa na William Henry Harrison. Herufi zake zikabaki midomoni mwa watu.

Baadaye wapiga telegrafu wakazipenda: ni fupi, na zilitosha kumjulisha mwenzako kwamba ujumbe umefika. Asili yake ikasahaulika, kila mtu akabuni yake, mpaka miaka ya 1960 Allen Walker Read, mtaalamu wa lugha, alipofukua magazeti ya zamani na kuyaonyesha.

Mimi nadhani neno hili limedumu kwa sababu haliahidi makubwa. Linakubali bila kusifu. Jaribuni: mama akiuliza wali ukoje, mjibu, "Uko oke." Mtamwona uso! Hamkuutukana wali, ila hamkuusifu pia. Tena sauti hulibadilisha. Ukipandisha mwishoni, umeuliza. Ukilivuta polepole, "okeee", una shaka. Ukilikata ghafla, umeudhika.

Hata vidole hulisema, ila hapo jihadharini. Wazamiaji wa Mafia na Pemba huunganisha kidole gumba na cha shahada kuwa duara: mimi mzima. Gumba juu, kwao, si sifa hata kidogo. Ni kumwambia mwenzako mpande juu. Ukiwa Japani, duara hilo laweza kumaanisha fedha. Na ukifika Brazili, mikono mfukoni: huko ni tusi, tena la kuchapiwa.