Wakili wa faragha na kazi inayofanyika kabla ya kesi

Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ya Kenya ilitoza faini taasisi tatu kwa mpigo. Kampuni ya Mulla Pride, iliyokuwa na programu za mikopo ya simu za KeCredit na Faircash, ilitakiwa kulipa shilingi 2,975,000: ilitumia majina na namba za watu ilizozipata kwa wengine, kisha ikawaandama kwa jumbe na simu za vitisho. Klabu ya Casa Vera Lounge ya Nairobi ililimwa shilingi 1,850,000 kwa kubandika mtandaoni picha ya mteja ambaye hakuridhia. Shule ya Roma, Uthiru, ndiyo iliyoumia zaidi. Ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ruhusa ya wazazi wao.

Katika mashauri yote matatu hamna mdukuzi. Wenye biashara za mtandaoni wengi hudhani ulinzi wa taarifa ni kumfungia mlango mwizi wa nje, wakanunua programu za usalama na kupumua. Kilichoziponza taasisi hizi ni mazoea ya ndani: namba iliyochukuliwa bila sababu, picha iliyopigwa na kurushwa bila kumuuliza mwenyewe. Hapo ndipo ilipo kazi kubwa ya mawakili wa fani hii changa, na naamini wengi bado wanaitafuta mahali pengine, mahakamani.

Fani yenyewe ina miaka michache tu. Haki ya faragha imo katika Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya 2010, lakini Sheria ya Ulinzi wa Data ilikuja Novemba 2019, na Kamishna wa kwanza, Immaculate Kassait, akaapishwa mwaka uliofuata. Uganda ilipata sheria yake 2019, Rwanda 2021. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023, na Tume ya kuisimamia ikazinduliwa rasmi Aprili 2024.

Chukua mkopeshaji wa simu anayetaka kuingia sokoni. Programu yake, mteja akiisakinisha, inaomba kusoma orodha ya namba zote za simuni. Wakili anayejua kazi yake haanzi na kuandika sera ya faragha. Anakaa na waandishi wa programu na kuuliza namba hizo ni za nini. Ikiwa ni za kuwapigia shangazi na bosi wa mkopaji siku akichelewa kulipa, hakuna kipengele cha mkataba kitakachomwokoa mkopeshaji, kwa kuwa kanuni za Benki Kuu ya Kenya za 2022 kuhusu wakopeshaji wa kidijitali zinakataza hilo waziwazi. Ikiwa ni za kupima uaminifu wa mkopaji, swali linakuwa gumu zaidi: shangazi huyo hakuomba mkopo wala hakubonyeza kitufe chochote, naye ni mtu mwenye haki zake.

Kisha kuna suala la ushahidi. Kifungu cha 32 cha sheria ya Kenya kinamtwika mwenye biashara mzigo wa kuthibitisha kwamba ridhaa ilitolewa. Maana yake mfumo utunze kumbukumbu: mteja aliridhia lini, alisoma maneno gani siku hiyo, na akitaka kujitoa apitie wapi. Hiyo ni kazi ya kanzidata, na isipojengwa mapema haipatikani siku ya malalamiko. Sera iliyonakiliwa kutoka kampuni ya ng'ambo, inayomweleza mteja wa Eldoret haki zake chini ya sheria za California, haimsaidii yeyote.

Taarifa zikivuja, Kamishna ajulishwe ndani ya saa 72. Aliyepewa kazi ya kuchakata, tuseme kampuni inayotuma jumbe kwa niaba ya duka, ana saa 48 za kumwarifu aliyempa kazi. Saa hizo hazisubiri wikendi ipite, hivyo mikataba na watoa huduma hao huandikwa mapema. Tena kuna seva zilizo nje ya nchi: Tanzania inataka kibali cha Tume kabla ya taarifa kuvuka mpaka.

Wapo wanaosema faini za Kenya haziumi. Ni kweli kwamba ukomo ni shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka, kilicho kidogo kati ya hivyo, na kwa kampuni kubwa hizo ni hela za kawaida. Lakini sheria hiyohiyo inampa aliyeumizwa haki ya fidia, na fidia hudaiwa na kila mlalamikaji kwa nafsi yake.

Mawakili hawako peke yao katika soko hili. Sheria ya Kenya haisemi kwamba afisa wa ulinzi wa data lazima awe wakili, na watu wa tehama wameichangamkia nafasi hiyo. Sioni ubaya. Asiyejua kanzidata inavyofanya kazi hawezi kuishauri kampuni ya programu, hata awe na vyeti vingapi vya sheria.

Ninaowahofia ni wafanyabiashara wadogo. Mwenye mauzo yasiyofika shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi chini ya 10 halazimiki kujisajili kwa Kamishna, isipokuwa yumo katika sekta kama mikopo, afya au elimu. Ada ya usajili kwa mdogo ni shilingi 4,000, si kikwazo. Hata hivyo, dada anayeuza nguo Instagram, mwenye namba na anwani za wateja wake wote simuni, anabanwa na wajibu mwingine wote wa sheria, na bei ya saa moja ya wakili inaweza kumlia faida ya wiki. Kifungu cha 24 cha sheria hiyo kinaruhusu kundi la taasisi kuteua afisa mmoja wa ulinzi wa data, mradi kila taasisi iweze kumfikia. Ofisi changa ya mawakili ingeweza kuanzia hapo: wauzaji ishirini wa jengo moja la biashara, afisa mmoja, ada ya mwezi inayochangwa na wote.